Choroko, mapanki na kopo la mchele mwekundu: maswali yenu kuhusu kolesteroli

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: nimepimwa, kolesteroli imepanda, nifanye nini bila kumeza dawa za hospitali? Nimechagua tano. Majina nimeyaacha, maeneo nimeyabakiza. Namba zote zilizomo ni za milimoli kwa lita. Kama karatasi yako ya LDL (ile kolesteroli mbaya) ina namba kubwa, tuseme 170, hiyo imeandikwa kwa miligramu. Igawe kwa 38.7 ndipo uilinganishe na hizi. Na mjue kuwa nawajibu kama afisa lishe. Daktari aliyekupima ana neno la mwisho.

*Shikamoo mama. Nafanya biashara ya samaki Mwaloni, Kirumba, nina miaka 47. Kolesteroli yote ni 6.8, LDL 4.6, HDL 1.0, trigliseraidi 2.6. Presha na sukari viko sawa, sivuti sigara. Daktari amesema nibadili chakula, nirudi baada ya miezi mitatu. Jamaa yangu kaniletea vidonge vya mafuta ya samaki, vya kitunguu saumu, na kopo la vidonge vya mchele mwekundu kutoka nje. Anasema ni vya asili, havina madhara. Asubuhi huwa napata supu ya ng'ombe na chapati mbili, mchana ugali na mapanki ya kukaanga, jioni inategemea. Nianze na kipi?*
— Mchuuzi wa Mwaloni

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuniletea namba zote nne. Wengi huniandikia tu kwamba "iko juu", nami nakosa pa kushika. Kwako ya kutazama kwanza ni LDL, ile inayobeba kolesteroli na kuiacha kwenye kuta za mishipa ya damu. 4.6 ni juu. Kwa mtu ambaye hajaugua moyo tungependa iwe chini ya 3. HDL yako, ile inayorudisha kolesteroli kwenye ini, iko mpakani kwa mwanamume, na trigliseraidi, yaani mafuta mengine yanayozunguka kwenye damu, ambazo hazitakiwi kuvuka 1.7, zimevuka. Hizi hupandishwa sana na sukari, soda na pombe. Umeandika "jioni inategemea". Kama inategemea bia, anzia hapo, maana trigliseraidi ni nyepesi kushuka mtu akipunguza hivyo vitatu.

Kolesteroli nyingi iliyo mwilini mwako hukuila. Ini lako ndilo lililoitengeneza. Ini hilohilo lina vipokezi vinavyoinasa LDL inayopita kwenye damu na kuiingiza ndani, na ukila kwa wingi mafuta ya aina inayoganda, vipokezi hivyo vinapungua na LDL inabaki ikizunguka. Mafuta hayo ni ya ng'ombe, samli, nazi, mawese na yale meupe ya ndoo. Mawese karibu nusu yake ni mafuta ya aina hiyo. Ya pamba, ambayo huku kwetu Kanda ya Ziwa tumeyapikia tangu utotoni, ni kama robo. Alizeti ni kama sehemu moja ya kumi tu. Kwa hiyo hata kabla sijagusa sahani yako, badili chupa ya jikoni iwe ya alizeti, kisha mwambie mpishi apime kwa kijiko, asimimine kutoka kwenye chupa.

Sasa supu. Fanya hivi nyumbani siku moja uone mwenyewe: chemsha mifupa na mbavu za ng'ombe jioni, ikishapoa weka sufuria kwenye friji hadi asubuhi. Utakuta juu tabaka jeupe, gumu, la kukatika kwa kijiko. Litoe lote, pasha supu, kamua ndimu, tia pilipili. Ladha haijaenda popote. Mgahawani huwezi kuyatoa, kwa sababu sufuria iko motoni tangu alfajiri na mafuta yanaelea, na mpakuaji huona anakuheshimu akikuchotea ya juu. Mwombe achote ya chini. Ila wewe uko Mwaloni, mahali sato wanashushwa wabichi kila kukicha, na supu ya sato haina mafuta hayo. Asubuhi nne kwa wiki kunywa hiyo, na badala ya chapati mbili chukua kiazi kitamu cha kuchemsha au ndizi.

Mapanki simlaumu samaki. Mgongo na kichwa cha sangara vikitoka kiwandani baada ya minofu kuondolewa vinabaki na nyama nzuri tu. Lawama yangu iko kwenye karai: mafuta yamekaanga tangu asubuhi, yamekuwa meusi, nayo yanaongezewa bila kumwagwa. Nunua panki bichi ukapike na nyanya, kitunguu na tangawizi. Dagaa nao ni hivyohivyo. Waliokaushwa juani, wakaoshwa kwa maji ya moto na kuungwa na nyanya chungu, ni chakula kizuri sana kwa moyo. Ukiwatumbukiza kwenye mafuta ya kina kirefu umeshabadilisha chakula.

Lakini ninalotaka ulishike kuliko yote ni choroko. Sijui kwa nini watu wa Mwanza tunazihesabu kama chakula cha shuleni au cha mwisho wa mwezi, wakati Misungwi, Kwimba na Magu kunalimwa choroko na dengu ambazo dunia nzima inazitafuta. Jamii ya kunde ina nyuzinyuzi laini, zile zinazoyeyuka na kuteleza. Utelezi wa bamia na mlenda ni wa jamii hiyohiyo. Zikifika kwenye utumbo zinaikamata nyongo na kutoka nayo chooni. Nyongo hutengenezwa kwa kolesteroli, hivyo ini linalazimika kuvuta LDL kutoka kwenye damu ili litengeneze nyingine. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walikusanya majaribio 26 na kukuta kwamba gramu 130 kwa siku za maharage, choroko, dengu au kunde zilizopikwa hushusha LDL kwa wastani wa asilimia 5. Gramu 130 ni kama robo tatu ya kikombe cha chai. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha na kitunguu hadi zianze kupasuka, tia nyanya na bamia mbili tatu zilizokatwa, na mwishoni karanga za kusaga kijiko kimoja badala ya tui. Kula kila siku, si Jumatatu tu.

Utaniambia asilimia 5 ni ndogo. Peke yake ni ndogo, lakini vitu hivi hujumlishwa. Mwaka 2003 David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto waliwalisha watu wenye kolesteroli ya juu mchanganyiko wa oti na shayiri, soya, lozi na majarini iliyotiwa steroli, vitu vya mimea vinavyofanana na kolesteroli, pamoja na kupunguza mafuta ya kuganda. Ndani ya mwezi mmoja LDL ilishuka kwa asilimia 28.6, na kundi lililopewa dawa ya lovastatini lilishuka kwa asilimia 30.9. Nayapenda matokeo hayo, ila sitaki uyasome nusu. Watu wale walikuwa 46 na chakula chao kilipangwa hadi gramu. Utafiti wa 2011 uliwapa watu maelekezo tu wakajipikie nyumbani, na baada ya miezi sita LDL yao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 13 hivi. Hiyo ndiyo namba ya maisha ya kweli. Kwako, 4.6 ingekuwa 4.0. Si haba, na ukitembea kwa miguu nusu saa siku tano za wiki na kiuno kikapungua, unaweza kupata zaidi. Oti zinauzwa madukani, bei yake nzito. Kama mfuko unaruhusu, uji wa oti asubuhi ni mzuri. Kama hauruhusu, choroko zinafanya kazi hiyo. Karanga nazo, konzi moja isiyokaangwa kwa mafuta wala chumvi nyingi, zinatosha kuwa lozi zako.

Sasa hayo makopo. Mafuta ya samaki hushusha trigliseraidi, na hapo ni kwa dozi kubwa ya gramu 2 hadi 4 za omega-3 kwa siku ambayo daktari ndiye anayeiandika. Kidonge cha kawaida cha gramu moja kina kama miligramu 300 tu za omega-3 yenyewe. LDL hakiigusi. Kitunguu saumu kilijaribiwa Chuo Kikuu cha Stanford, matokeo yakatoka 2007: miezi sita, kibichi na cha vidonge, LDL haikutikisika. Kitie kwenye mboga kwa sababu ni kitamu.

Hilo kopo la tatu ndilo linalonitia hofu, nami naomba ulisome jibu hili mara mbili. Huo si mchele mwekundu unaoujua sokoni. Ni mchele uliooteshwa ukungu, na ukungu huo hutoa kitu kinachoitwa monakolini K. Monakolini K na lovastatini ni kitu kimoja, bila tofauti yoyote ya kikemia. Lovastatini iliidhinishwa Marekani kama dawa ya hospitali mwaka 1987. Hata dawa ya kwanza kabisa ya jamii hiyo ya kushusha kolesteroli, inayoitwa statini, aliyoipata Mjapani Akira Endo miaka ya 1970, ilitoka kwenye ukungu. Kwa hiyo jamaa yako amekuletea statini bila kujua, tena isiyopimwa. Kopo moja huwa na nyingi, jingine karibu halina kitu, na mengine yamekutwa na sumu ya ukungu iitwayo sitrinini inayodhuru figo. Umoja wa Ulaya mwaka 2022 uliagiza vidonge hivi vibebe chini ya miligramu 3 za monakolini kwa siku. Mtu anayemeza statini ya hospitali akiongeza na hiki anajizidishia dozi, na misuli na ini vinaweza kuumia.

Mwaka huohuo wa 2022 hospitali ya Cleveland Clinic ya Marekani ilitoa matokeo ya jaribio lililowalinganisha watu 190 kwa siku 28. Waliopewa rosuvastatini miligramu 5, ambayo ni dozi ndogo, LDL yao ilishuka kwa karibu asilimia 38. Waliopewa mafuta ya samaki, mdalasini, kitunguu saumu, manjano au mchele mwekundu LDL yao haikushuka kwa kiasi cha maana kuliko ya waliomeza kidonge kitupu, kisicho na dawa. Fedha ya makopo matatu inanunua choroko za familia yako za muda mrefu sana. Rudisha makopo, fuata chakula kwa miezi mitatu kama ulivyoambiwa, kisha pima tena. LDL ikigoma, daktari akakuandikia dawa, imeze na uendelee na choroko.

*Shikamoo mama. Ni mwalimu, niko Nansio, Ukerewe. Nina miaka 33, mwembamba, nyama nyekundu nakula kwenye sherehe tu. Chakula chetu ni ugali wa muhogo, sato na dagaa. Nimepimwa LDL ni 6.1! Baba yetu alifariki ghafla kwa moyo akiwa na miaka 42. Nipunguze nini tena?*
— Mwalimu wa kisiwani

Marahaba, binti yangu, na pole kwa baba. Chakula ulichoniandikia sina cha kukipunguza. Naomba uache kujilaumu kwa sahani yako, maana naona uzito wa jambo hili uko kwingine.

LDL inayofika 4.9 na zaidi kwa kijana asiye mnene, mwenye mzazi aliyekufa mapema kwa moyo, hutufanya tufikirie kolesteroli ya kurithi. Mtu anazaliwa na hitilafu kwenye vile vipokezi vya ini nilivyomweleza mchuuzi hapo juu, na LDL inakuwa juu tangu utotoni. Ni kama mtu mmoja kati ya 250, wala si adimu kama wengi wanavyodhani. Chakula kinasaidia kidogo tu. Dawa ndiyo inayolinda moyo, na ikianza mapema inalinda zaidi. Vuka uende hospitali ya rufaa, ukaonane na daktari wa magonjwa ya ndani. Mweleze habari za baba kabla ya yote, na umwombe apime pia tezi ya shingo, kwa sababu tezi ikilegea nayo hupandisha LDL, na hiyo ina tiba yake. Ndugu zako wote wa baba mmoja wapimwe, na watoto wako kama unao. Jambo moja zaidi: kama una mpango wa kubeba mimba au una mimba, mwambie daktari kabla hajaandika statini.

*Habari za kazi mama. Mama yangu ana miaka 63, mwaka jana alipata mshtuko wa moyo, akapewa atorvastatini na dawa nyingine. Siku hizi miguu inamuuma. Muuza dawa za asili hapa stendi ya Igoma amemwambia statini inaharibu ini, aache atumie unga wa mlonge. Ameshaacha wiki mbili. Tufanyeje?*
— Binti yake, Igoma

Nzuri, mwanangu. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, mpigie simu mama na umwombe arudie dawa yake. Ukimaliza, mpeleke kliniki wiki hiihii, na umwambie daktari wazi kwamba aliacha na kwa nini. Kama miguu imelegea hadi hawezi kuinuka kwenye kiti, au mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, hapo asimeze kwanza. Mpeleke hospitali muda huohuo.

Nasema kwa ukali kwa sababu mama yako hayuko kwenye kundi la mchuuzi wa Mwaloni. Moyo wake umeshaumia. Jaribio la nchi za Skandinavia lililotoka 1994 lilifuatilia wagonjwa wa moyo 4,444 kwa miaka mitano na zaidi. Waliomeza simvastatini walikufa wachache kwa asilimia 30 kuliko waliomeza kidonge kitupu. Hakuna jani lililowahi kuonyesha hivyo. Mlonge ni mboga nzuri. Achume, achemshe, aunge na karanga, ale na ugali. Ushahidi kwamba unga wake unashusha kolesteroli kwa binadamu ni mdogo sana, na kuutumia badala ya dawa kwa mtu aliyetoka kwenye mshtuko wa moyo ni kumweka mama hatarini. Huyo anayemshauri pale stendi hatakuwepo usiku kifua kikibana.

Maumivu ya miguu ni ya kweli, asidharauliwe. Hata hivyo, katika majaribio ambayo mgonjwa hajui anameza nini, wanaolalamika misuli ni wengi karibu sawa kwenye pande zote mbili, kwa hiyo chanzo mara nyingi ni kingine: magoti, mgongo, sukari, mishipa ya miguu. Daktari anaweza kupima damu, kupunguza dozi au kumbadilishia statini. Ini hupimwa pia, na madhara makubwa ya ini kwa statini ni nadra. Na muulize kama anakunywa juisi ya balungi. Balungi huongeza nguvu ya atorvastatini kwenye damu, achague chungwa.

*Mwangaluka mayu! Niko Misungwi, nafuga. Mume wangu ana LDL 3.9 na anasema samli yetu haina kolesteroli kwa sababu ni ya asili, mayai ya kienyeji vilevile, na kahawa chungu inayeyusha mafuta. Tuamulie.*
— Mama Mfugaji

Mwangaluka mayu, na umsalimie baba. Samli, hata ikitoka kwa ng'ombe unayemjua kwa jina, zaidi ya nusu yake ni mafuta ya kuganda na inapandisha LDL. Ibaki ya sikukuu. Maziwa mgando hayana nguvu hiyo ya samli, anywe, na mtindi ukiwa umeenguliwa ni vizuri zaidi. Yai la kienyeji na la kisasa yana kolesteroli kwenye kiini karibu sawa, kama miligramu 200. Kwa watu wengi yai moja kwa siku halina shida kubwa. Yeye mwenye 3.9 ale manne au matano kwa wiki, ya kuchemsha.

Kahawa ndiyo itakayowashangaza. Ile ya birika, iliyochemshwa na unga wake bila kuchujwa kwa karatasi, ina mafuta ya kahawa yanayoitwa kafestoli, nayo hupandisha LDL. Vikombe viwili vile vidogo vya barazani, kila la heri. Akikaa hapo tangu alasiri hadi isha akipokea kimoja baada ya kimoja kila siku, apunguze, tena na kashata yake. Kahawa haiyeyushi mafuta yoyote.

*Mama, napimwa Jumamosi. Nifunge?*
— Buswelu

Kwa kolesteroli na LDL mara nyingi si lazima. Kama trigliseraidi ziliwahi kuwa juu, kaa bila kula kwa muda wa saa 9 hadi 12 kabla ya kupimwa; maji ruksa, na dawa zako za kila siku meza kama kawaida isipokuwa daktari amesema vingine. Wenye sukari wanaotumia insulini wasifunge bila kumuuliza daktari. Kama umetoka kuugua malaria kali au homa nyingine kubwa, subiri wiki kadhaa, kwa sababu ugonjwa hushusha LDL kwa muda na karatasi itakudanganya. Nenda maabara ileile uliyopimiwa mwanzo, beba karatasi ya zamani, na ubebe vidonge vyote unavyomeza, pamoja na vile ambavyo hukumwambia daktari.